Tulikwenda Bandarini Mikono Mitupu

Jumapili, 11 Julai 1909

Wamemwita Baldiri. Wamemwita tena! Alimaliza jeshi miaka sita iliyopita, akarudi na kikohozi na wimbo mmoja wa matusi, tukaoana, tukamzaa Roseta. Nilidhani yamekwisha. Leo polisi wamepita mtaani kwetu Poblenou wakigonga milango, watu wakijiandaa kwenda misa, na mtaa mzima ukanuka vitunguu vilivyoungua. Kila mwanamke aliisahau sufuria yake motoni.

Askari wa akiba, wanasema. Akiba! Kama maharage ya ghalani.

Ni vita vya Moroko. Kuna migodi ya chuma huko Rifi, na reli ya kwenda migodini, na wenyewe wako Madrid na hapa hapa Barselona, kwenye majumba yenye balkoni za mawe. Wana watoto wa kiume wenye afya njema kabisa. Hao hawaendi. Baba akilipa serikalini, mwana habebi bunduki. Sisi tuna cha kutoa kimoja tu, naye yuko hapa anakula supu.

Anacheka. "Tecla, mimi nabeba pamba bandarini mwaka mzima. Bunduki kitu gani?" Kisha akatoka uani nikamsikia anatapika.

Mama mkwe, Mama Eudalda, alichukua shati la mwanawe akawa anakaza vifungo ambavyo havikulegea. Alasiri akaja mdogo wake, mjomba Isidre, bawabu wa nyumba ya masista hapa mtaani, na tini ndani ya kofia. Akasema masista wataomba. Baldiri akamjibu, Mjomba, waambie wapaze sauti, Moroko ni mbali.

Roseta amekula tini zote.

Jumatano, 14 Julai

Baldiri yuko kambini. Nimetoka kiwandani moja kwa moja mpaka shuleni kwa Mwalimu Brígida. Ndiye aliyenitoa ujinga—nilikuwa mfumaji mtu mzima nisiyejua hata kuandika jina langu. Shule yake haina msalaba ukutani, kwa hiyo mapadri wanamwita mchawi. Sasa ni bibi, mgongo umepinda, lakini tangu vita vya Kuba hajaacha kusema neno lile lile: hapana.

Tulijaa wanawake, tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mwalimu akasema tusiombe tu kurudishiwa waume zetu. Tukiomba hivyo, kesho watachukua wa wenzetu, sisi tutakaa kimya na sahani zetu. Tuseme asiende mtu. Wa kwetu wala wa jirani. Akasema vita ni biashara ambayo mtaji wake unatoka matumboni mwetu na hatujawahi kuulizwa. Halafu akamtaja mwanamke wa Rifi. Yuko huko mlimani, anamfungia mumewe mkate kwenye kitambaa, naye hajui mgodi ni wa nani.

Hapo Quimeta akacheka kwa sauti. Quimeta ni dobi, ni shoga yangu tangu utoto, na kaka yake alikufa kwa homa Kuba. "Mwalimu, kwa heshima yako yote, mimi machozi ya kugawa ng'ambo sina. Ya kaka yangu yenyewe hayajaisha."

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka.

Mwalimu akangoja kicheko kiishe. "Basi usimlilie, Quimeta. Usimpelekee risasi tu."

Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Tumekubaliana: siku watakayosafirishwa tutashuka bandarini sote, na watoto. Mikono mitupu. Hakuna jiwe, hakuna fimbo. Tukisukumwa tunakaa chini. Quimeta akainua mikono yake, imebabuka kwa magadi mpaka viwikoni. "Na hii je, Mwalimu? Niiache nyumbani?"

Jumapili, 18 Julai

Amekwenda.

Naandika upya kwa sababu siamini. Amekwenda.

Walishuka barabara ya Rambla na bendi mbele, jua kali, na sisi pembeni tukikimbia nao. Hawakuwa askari wale! Walikuwa akina baba. Mmoja alikuwa na mtoto mabegani na bunduki kifuani. Mke wa mwingine alishika mkanda wake akawa anaburutwa. Nilimwona Baldiri safu ya nyuma, kofia imembana, kichwa chake kikubwa hakijawahi kupata kofia ya saizi yake. Nikajipenyeza nikamshika mkono, tukatembea vile mpaka majini kama watu wanaokwenda kununua samaki.

Gatini walikuwepo mabibi wakubwa wamevaa nyeupe, na miavuli. Wanagawa medali za Bikira, skapulari za kuvaa shingoni na sigara. Bibi mmoja akamwekea Baldiri medali kiganjani, akamwambia, "Mwanangu, Bikira atakulinda."

"Na wa kwako, bibi," Baldiri akauliza, "analindwa na nani?"

Bibi akawa mwekundu. Baldiri akaitupa medali baharini. Wa nyuma yake naye akatupa. Kisha wote! Medali, sigara, skapulari—chwa, chwa, chwa—maji yakawa yanameta. Tukapiga kelele ambayo sijui ilitoka wapi. Tupeni bunduki! Waende matajiri! Twende sote au asiende mtu! Mwalimu Brígida akaketi chini, kwenye mawe yenye grisi, na gauni lake jeusi. Tukaketi. Roseta mapajani mwangu. Nilidhani, hawatatukanyaga.

Hawakutukanyaga. Walipita pembeni yetu.

Nikanyanyuka nikamshika Baldiri shati. Nikamwambia usipande, hawawezi kuwafunga nyote. Akaniambia sikioni, "Tecla, niache. Watanipiga risasi hapa hapa, mbele ya mtoto." Nikamwachia. Mkono huu ulimwachia.

Walivuta ngazi haraka haraka, meli ikang'oa nanga hata kabla ya wakati wake. Walituogopa! Quimeta alisema hivyo, anacheka na kulia. Walituogopa sisi.

Lakini meli imekwenda.

Alhamisi, 22 Julai

Kila siku meli nyingine. Kila siku tunashuka, kila siku polisi wako wengi zaidi. Jana walitupiga kwa bapa la upanga. Mwalimu amepasuka nyusi.

Magazeti hayaruhusiwi kusema kitu. Kwa hiyo kila mtu anasema kila kitu.

Quimeta alikuja kiwandani na mawe ndani ya aproni. Nikamwambia tulikubaliana. Akasema, "Ninyi mlikubaliana. Mimi nilicheka tu." Nikamwaga mawe yake mtaroni, akaniangalia kama mtu asiyenijua. Kisha akaniuliza Roseta amekula nini leo, akanipa nusu ya mkate wake.

Wanaume sasa wanataka mgomo. Jumatatu. Mji mzima.

Jumatatu, 26 Julai

Leo niliamini!

Alfajiri Quimeta alikuja na shuka mbili nyeupe, tukazichana tepe, kila mwanamke moja kifuani. Nikamuuliza shuka za nani. "Za hoteli. Wageni wa pesa wale, hawatajua." Mama Eudalda naye akavaa utepe, yeye asiyekosa misa. Tukapita kiwanda hadi kiwanda, wanawake mbele. Zimeni mitambo! Leo hakuna kazi, wenzenu wanakufa! Msimamizi wetu akasimama mlangoni kutanua mabega, kisha akatuhesabu kwa macho, akasogea.

Mitambo ikanyamaza. Sijawahi kusikia kiwanda kimekaa kimya mchana. Kuna shomoro wanaishi darini mle, miaka yote nafanya kazi humo sikujua.

Wakatuletea askari. Tukawazunguka, tukawaambia ninyi ni wanetu, mtakaofuata kupakiwa ni ninyi. Mmoja, mwekundu kama nyanya, machozi yakamtoka. Afisa akapiga amri. Bunduki hazikuinuka. Hazikuinuka! Mwalimu Brígida akanishika bega mpaka kucha zikaniingia. Akasema amengoja hili tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Kisha tramu. Dereva mmoja hakutaka kusimama. Wanaume wakaipindua. Polisi wakafyatua—hao hawakulia—na mwanamke mwenye utepe akaanguka karibu na reli. Simjui jina. Utepe ulikuwa wa shuka zetu.

Jua linazama na kuna moshi upande wa shule ya mabruda. Nani amewasha? Hakuna anayejua. Wanaume wana bunduki sasa, wamevunja duka. Mwalimu ametoka mbio na bandeji yake jichoni kwenda kuwazuia. Mbio! Bibi yule.

Jumanne, 27 Julai

Mjomba Isidre amekufa.

Nitaandika yote kwa utaratibu, maana kichwani hayana utaratibu.

Asubuhi moshi ulikuwa kila upande, kanisa hili, nyumba ile ya watawa. Kwa nini masista? Niliuliza njiani, kila mtu ana jibu. Masista wanashona na kufua karibu bure, wanatunyang'anya kazi. Mapadri wamebariki bunduki. Watoto wa matajiri wanasomea kwao. Kweli, yote kweli. Lakini masista hawakuendesha ile meli!

Umati ukafika nyumba ya masista ya mtaa wetu. Mbele yupo Quimeta na debe la mafuta ya taa. Nikasimama mlangoni.

"Toka mlangoni, Tecla."

"Tulikubaliana, shoga. Hata jiwe."

"Jiwe sina." Akatikisa debe.

"Kuna watu ndani."

"Watatoka. Moto wangu una adabu kuliko jeshi, unapiga hodi kwanza."

Na kweli alipiga hodi. Akawaambia masista chukueni vyenu mtoke. Wakatoka wanalia, na mimi nilimwona kwa macho yangu Quimeta akimbebea sista mmoja furushi lake mpaka ng'ambo ya barabara! Kisha akarudi akamwaga mafuta.

Mwalimu Brígida alipanda ngazi za mlango akapaza sauti. Wanangu, tumetoka kukataa mauaji, hamkumbuki? Wiki moja tu! Mwanaume mmoja akambeba kama anavyobebwa mtoto aliyesinzia, akamweka pembeni. Hakumwumiza. Hilo ndilo lililomwumiza.

Mimi nilikumbuka Sista Gaudència, yule mzee kiwete anayelala chumba cha nyuma. Nikazungukia jikoni. Alikuwa ameketi kitandani na viatu mkononi, hajui avae kipi kwanza. Nikambeba mgongoni, tukatokea mlango wa kuku, ule wa nyuma, nikaenda naye moja kwa moja nyumbani kwangu. Mwepesi kama kapu.

Nilipokuwa njiani, mjomba Isidre aliwahesabu masista wake barabarani. Mmoja hayupo. Akauliza Gaudència yuko wapi. Hakuna aliyejua. Akavua koti, akaingia.

Paa likashuka.

Alikwenda kumtafuta mtu niliyembeba mimi. Ningepita mlango wa mbele angeniona. Kwa nini sikupita mlango wa mbele? Kwa sababu kulikuwa na moto. Kwa sababu ya haraka. Kwa sababu nilikuwa nafanya jambo jema.

Jumatano, 28 Julai

Mizinga. Hatutoki.

Sista Gaudència amelala kitanda cha Baldiri. Mama Eudalda anamlisha supu kwa kijiko na hamtazami usoni. Hajui kwamba Isidre aliingia kumtafuta huyu. Sista anajua. Niliona alipojua—habari ilipoletwa alishika rozari, akaiachia, akaishika tena.

Leo aliniambia, sisi wawili tu, kwamba medali za bandarini, utepe wake aliutia yeye. Mabibi waliagiza, masista wakashona. Hakujua ni za vita gani. "Hakuna aliyetuuliza kama tunataka vita, binti. Wala ninyi hamkuja kutuuliza."

Ni kweli. Hatukubisha hodi kwao, isipokuwa na debe.

Ijumaa, 30 Julai

Askari wapya wameingia kutoka mbali. Wameambiwa sisi ni waasi tunaotaka kuvunja nchi. Hawa bunduki zao zinainuka.

Vizuizi vya mawe, walivyojenga wanaume barabarani, vimeondolewa. Mtu amelala mbele ya duka la mkate, amefunikwa gunia. Nilichukua mkate nikamruka. Nilimruka!

Mke wa mjomba, Mama Antonina, hana cha kuzika. Walimpa ndoo ya majivu.

Jumatatu, 2 Agosti

Tumerudi kazini. Mitambo imewaka. Hakuna aliyeinua macho. Msimamizi amesimama pale pale mlangoni na mabega yake.

Wiki nzima mji umesimama, na meli hazikusimama hata siku moja.

Minong'ono: huko Moroko, siku ile ile mjomba alipoungua, wanaume wetu waliingizwa bondeni na kupigwa kutoka juu, pande zote. Mamia. Mtu anasema mia mbili, mtu anasema elfu. Wengine hapa mtaani wamechoma bendera, wengine wamemwimbia Bikira. Mimi nimekata uzi, nimeunga uzi, nimekata uzi.

Ijumaa, 6 Agosti

Baldiri hayupo tena.

Aliyeniambia ni mtu wa kikosi chake, seremala wa Gràcia, yuko hospitali ya jeshi hana mguu. Nilikwenda na Mama Eudalda. Alituona tu akageukia ukutani, tukajua.

Mama akamwambia, "Sema yote, mwanangu. Mimi ndiye niliyemzaa, hakuna utakachoniogopesha nacho."

Akasema. Ilikuwa bondeni, joto, maji yamewaishia tangu asubuhi. Wamoroko juu, wao chini. Kijana mmoja wa Rifi aliteremka karibu mno, Baldiri akampiga risasi ya tumbo. Kijana akawa anaita mtu—jina moja tu, mara nyingi. Baldiri akatambaa hadi kwake. Wenzake walidhani anakwenda kummalizia. Akamvua kibuyu cha maji, akanywa. Akamnywesha na yule kijana, maji yakatoka pale tumboni. Kisha akakaa. Walimwita arudi, hakurudi, alikaa tu na kibuyu mkononi. Risasi ilimpata kichwani.

Mama Eudalda akauliza, "Alikuwa amevaa kofia?" Seremala akasema hapana, ilimbana.

Nilimwachia shati ili asiuawe mbele ya mtoto. Akaenda akaua mtoto wa mwanamke mwingine, mwanamke yule yule wa Mwalimu Brígida, mwenye mkate na kitambaa. Sina hata haki ya kulia vizuri. Kila nikianza namwona na huyo mwingine analia, na yeye ana sababu ya kunilaani.

Roseta ameuliza kama baba ameona nyani huko. Nimesema ndiyo.

Alhamisi, 12 Agosti

Shule ya Mwalimu Brígida imefungwa kwa amri. Yeye mwenyewe anahamishwa kwa nguvu, kijiji fulani cha Aragón ambako hajui mtu. Kosa: kuwachochea wanawake. Nimekwenda kumsaidia kufunga vitu. Vitabu vimechukuliwa, kwa hiyo tulifunga masufuria.

Nilimwambia yaliyonijaa. Kwamba tulikosea. Tungekaa kimya mjomba angekuwa hai, mwanamke wa tramu angekuwa hai, na Baldiri angekufa vile vile. Hatukuokoa mtu. Hatukuchelewesha hata meli moja—tuliiwahisha.

Nilitaka anikaripie. Nilitaka anijibu kama zamani, na kidole juu.

Akakaa juu ya sufuria iliyopinduliwa. "Niliwafundisha kusema hapana," akasema. "Sikuwafundisha la kufanya baada ya hapana. Sikulijua. Bado silijui, Tecla."

"Basi utawaambia nini watu wa huko?"

"Hapana," akasema. "Nitasema hilo hilo. Nimezeeka, sina lingine."

Na nyusi yake haijapona. Polisi akaja na gari la nyumbu.

Jumatano, 18 Agosti

Wamemkamata Quimeta.

Jana walimpiga risasi mtu wa kwanza kati ya waliohukumiwa, ngomeni Montjuïc, juu pale ambapo Baldiri alikuwa anatupeleka kula jibini. Wengine wanangoja zamu. Na Quimeta wanamtaka kwa jambo kubwa kuliko moto: kwa Isidre.

Lakini hakuna aliyeona! Mtaa mzima ulikuwepo, hakuna aliyeona. Sista Gaudència, aliyekwisha rudi kwa wenzake, ameitwa akaulizwa. Akasema alikuwa mgongoni mwa mtu, akaona mgongo. Kapteni akauliza mgongo wa nani. Ndivyo walivyonifikia.

Ni kijana, kapteni huyo, ana mafua, anapenga pua kila sentensi. Ana heshima. Akanipa pole ya mume. Akasema mimi ni mjane wa aliyeifia nchi, neno langu lina uzito, mahakama ya kijeshi italipokea kama dhahabu. Niseme tu nani alishika debe.

"Mtamfanya nini?"

"Sheria itaamua, bibi."

Nikasema sitaki kusema. Akasema kutotaka hakuna kwenye sheria. Asiyesema amemficha muuaji, na gereza la wanawake lina nafasi. Kisha akaniuliza mtoto wangu ana umri gani. Kwa upole kabisa. Nimeitwa Jumatatu.

Nimemweleza Mama Eudalda. Alikuwa anachambua dengu. Hakuacha kuchambua.

"Mtaje."

"Mama, watamwua."

"Mwanangu ameuawa na serikali. Ndugu yangu ameuawa na shoga yako. Serikali siwezi kuishtaki, Tecla. Nimebaki na huyo mmoja tu."

"Quimeta hakutaka afe. Alipiga hodi."

"Na Baldiri alitaka yule kijana afe? Wote hawataki! Wote wana mikono misafi! Basi nani anatuulia watu?"

Nikasema kwamba nikimtaja, mimi ndiye nitakayekuwa nimeshika bunduki mara hii. Akanitupia dengu usoni, ungo mzima. Kisha tukapiga magoti wote wawili tukaokota, kwa sababu ndicho chakula.

Sikumwambia habari ya mlango wa kuku. Sikuweza.

Jumapili, 22 Agosti

Nafikiri, nafikiri, kichwa kinazunguka kama gurudumu la mtambo.

Nikisema kweli, wanamwua Quimeta. Nikidanganya kwamba sikuona, ninamfanya Isidre ameuawa na hewa, bila mtu, bila sababu, na mkewe akae na ndoo yake. Nikinyamaza, ninafungwa, na Roseta anabaki na bibi ambaye hanisemeshi.

Wakati wa Mwalimu lilikuwa neno rahisi! Usimpelekee risasi. Nani angedhani siku moja risasi itakuwa ni mimi kufungua mdomo, na atakayepelekewa ni Quimeta, ambaye tulitoana chawa utotoni?

Nilikwenda kanisani. Halina paa. Nikakaa kidogo, nikatoka.

Jumatatu, 23 Agosti

Naandika kwa penseli, kwenye benchi la ujia wa mahakama. Askari mlangoni anadhani naandika sala.

Nimevaa soksi za sufu; wanasema sakafu ya gereza ni baridi. Agosti, jasho linatiririka mpaka viatuni, na nimevaa soksi za sufu na shali, na kwenye kikapu nina kitana na mkate. Mama Eudalda aliniona natoka hivyo. Alimchukua Roseta mkononi akaingia naye ndani, lakini taratibu, hakubamiza mlango.

Quimeta amepitishwa sasa hivi, kati ya askari wawili. Wamemnyoa. Alinitazama kikapu, akanitazama soksi. "Mjinga wewe," akasema, si kwa hasira. Askari akamsukuma, wakaingia.

Mama Antonina yuko benchi hili hili, upande wa pili, amevaa nyeusi mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Hatujaonana tangu msibani. Akauliza bila kugeuka, macho ukutani:

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Basi sema. Mimi nataka kujua tu. Alirudi kufanya nini mle? Kila mtu ananiambia alikuwa shujaa. Hakuwa shujaa, alikuwa anaogopa hata panya. Alirudi kufanya nini?"

Nikamwambia. Nimemwambia yote! Sista hakuwemo ndani. Sista alikuwa mgongoni kwangu, tumepita mlango wa kuku, na yeye mjomba hakutuona. Alimfuata mtu aliyekwisha kuokoka. Nikamwambia nisamehe, kisha nikaona neno hilo ni dogo.

Hakulia. Alikuwa anakunjua na kukunja kona ya shali yake. "Aliwahesabu," akasema. "Kila jioni alikuwa anawahesabu, kabla ya kufunga lango. Kama kuku." Na akawa anatikisa kichwa, anatikisa kichwa.

Mlango umefunguliwa. Wameita jina langu.

Wameita tena. Mama Antonina ameinuka kabla yangu. Amenishika mkono, juu ya kiwiko, kwa nguvu, naandika kwa mkono uliobaki—na sijui kama ananisukuma niingie au ananizuia